Simba Aliyeuawa na Darasa Zima

Wakati uliopita wa Kiingereza nilijifunza mara mbili. Mara ya kwanza nilijifunza peke yangu, kwa kitabu kisicho na jalada nilichokiokota mnadani Karatu kati ya marundo ya mitumba. Mara ya pili nilijifunza darasani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa mwalimu ambaye hakuwa na kitabu. Kitabu kilinipa elimu na darasa likanipa cheti.

Mtu wa umri wangu harudi kukaa kwenye benchi bila sababu, kwa hiyo naanza na sababu. Mimi ni mpishi wa safari. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupanda gari lenye mahema na masanduku ya vyakula, kupita geti, kuzunguka ukingo wa krateri, kuteremkia Serengeti, na kuwapikia wageni supu ya maboga mahali ambapo fisi huinusa kabla yao. Sikuichukia kazi hiyo. Lakini mama yangu alizeeka, na uzee ukawa unamwondolea vitu kimoja kimoja: kwanza njia ya kwenda kanisani, kisha majina ya wajukuu, mwishowe Kiswahili chote. Kiswahili alikipata ukubwani, sokoni na kwenye jumuiya, nacho kikaondoka kama mgeni anavyoondoka, bila kuvunja kitu. Kilichobaki ni Kiiraqw cha utotoni, lugha yetu Wambulu.

Mke wangu ni mtu wa Singida. Ni mvumilivu kuliko mimi, ila Kiiraqw chake hakivuki salamu. Watoto wetu wako mijini. Kwa hiyo ndani ya nyumba yangu mtu pekee aliyeweza kujua mama anataka nini ni mimi, na mimi nilikuwa Serengeti.

Siku moja nilirudi nikamkuta amekaa mlangoni, hajala tangu siku iliyotangulia, analia neno moja tu. Mke wangu alikuwa amempa maji, uji, blanketi na rozari. Alikuwa amejaribu kunipigia simu ili amwekee mama sikioni, lakini kambini hakukuwa na mtandao. Neno lenyewe lilikuwa mwiba. Ulikuwa kwenye unyayo, na unyayo ulikuwa umeshaanza kutunga usaha. Niliutoa kwa sindano, akanyamaza, akaomba chakula. Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba nitatafuta kazi ambayo kila siku itanirudisha nyumbani.

Haukupita muda nikasikia kwamba loji moja juu ya mashamba ya kahawa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwangu, mwaka ujao itatafuta mwongoza wageni. Asubuhi atembee nao shambani na pembezoni mwa msitu, jua likizama awasimulie mambo ya zamani ya mahali hapa kando ya moto, kisha aende kwake. Walitaka mtu mwenye cheti cha Kiingereza, anayeweza kueleza mambo yaliyopita.

Kiingereza cha jikoni nilikuwa nacho. Kilikuwa cha sasa hivi: chakula tayari, maji moto, simba yuko pale, usitoke hemani. Yaliyopita yalinishinda. Sisi kwenye Kiswahili tunapachika -li- na kazi imekwisha, iwe mtu alikula au alizaliwa. Waingereza wana kanuni moja, halafu maneno wanayoyatumia kila siku, kula, kwenda, kusema, kuona, wameyasamehe kanuni hiyo. Nilipoligundua hilo niliona ni nyumba yenye ratiba ya usafi ambayo haiwahusu wenye nyumba.

Sikulalamika. Nilivipanga vitenzi kama ninavyopanga vyombo. Visivyobadilika niliviweka pamoja, cut, put na shut, nikavipenda kwa uaminifu wao. Vinavyobadilisha irabu niliviweka rafu nyingine, na vile ambavyo havifanani hata kidogo na asili yao nilivichukua kimoja kwa siku wakati wa kumenya viazi. Jioni, nikisha kuosha masufuria, niliisimulia siku yangu kwa sauti ya chini: I washed, I peeled, I burned the rice and I said nothing. Msimu wa safari ulipokwisha niliweza kueleza siku yoyote ya maisha yangu. Kilichobaki ni cheti, na cheti hakipatikani mnadani, ingawa nilikuja kuona kwamba tofauti ni ndogo.

Mwalimu wa darasa la jioni alikuwa dereva wa watalii wa zamani. Alivaa miwani ya jua juu ya kichwa hata mvua ikinyesha, na kila mtu alikuwa rafiki yake. Njia yake ya kufundisha ilikuwa karatasi moja ya fotokopi. Juu yake palikuwa na hadithi fupi, na hadithi hiyo ndiyo iliyokuwa kozi nzima. Ilisema hivi: nilikuwa na umri wa miaka kumi, mwezi uliwaka, simba alikuja kuchukua ndama, mama yangu alilia, nilishika mkuki wa babu yangu, nilimuua simba, kijiji kilicheza. Tuliikariri kwa kuimba, wanaume na wanawake, kila jioni. Iliimbwa hata muuza misumari wa duka la mbele akaijua, na mmoja wetu akikwama, sauti yake ilitoka upande wa pili wa ukuta ikisema mama alilia kabla ya mkuki, si baada yake.

Darasa lilijaa vijana wa Karatu, watoto wa wakulima wa mahindi, mbaazi na vitunguu. Simba wao walikuwa wamemwona kwenye simu tu. Waliweza kumuua kwa Kiingereza sahihi kabisa, lakini ukiwauliza jana walikula nini walirudi kwenye wakati uliopo kama kuku wanaorudi bandani. Nilimwuliza mwalimu ni lini tutajifunza vitenzi vingine. Kupika, kwa mfano, kulima, au kungoja.

"Mzee," alisema, "mgeni hapandi ndege kutoka kwao aje kusikia ulingoja."

Vijana walicheka. Mimi niliandika tarehe ya mtihani. Kumdharau mtu hakukuzuii kuchukua cheti chake.

Aliyekaa karibu nami alikuwa Mmasai wa Arash, wa rika langu. Alishukia Karatu baada ya ukame kumaliza sehemu kubwa ya mifugo yake, na yeye pia aliitaka kazi ile ya loji. Alikuja darasani na shuka lake la lubega, akakunja miguu chini ya benchi fupi, na kuwa furaha kuu ya mwalimu, kwa sababu alifanana na hadithi. Mwalimu alimsimamisha kila wiki ili wengine waone jinsi mtu halisi anavyosema nilimuua simba. Na kila wiki alisema tulimfukuza.

"Sema nilimuua, rafiki yangu."

"Mwalimu, mimi sikuwa wa kwanza kumrushia mkuki," alisema yule Mmasai kwa utulivu. "Simba ni wa yule wa kwanza. Nikisema ni wangu, hata akiwa Loliondo atasikia."

"Wazungu hawamjui huyo wa kwanza."

"Mimi namjua. Ameoa dada yangu."

Mwalimu alisema basi aseme ni simba mwingine. Mmasai akauliza huyo mwingine alikuja lini, na alichukua ndama wa nani. Kwao jambo kama hilo haliwi la mtu mmoja; rika zima linajua nani alirusha mkuki, nani alishika mkia, na nani alikimbia. Mwalimu aliona ni ukaidi wa mtu asiyesoma. Kwangu alikuwa mtu pekee chumbani mwenye sababu ya kutumia wakati uliopita.

Tulizoea kurudi pamoja hadi njia panda, tukitaniana kama watu wetu wanavyotaniana. Nilimsimulia jambo ambalo mama yangu alikuwa amelirudia karibu kila siku tangu uzee wake uanze kumrudisha nyuma. Alipokuwa mtoto, bibi yake alikuwa bado anaishi katika nyumba ya zamani, iliyochimbwa ndani ya mteremko wa kilima, paa likiwa sawa na majani, hata mtu aweza kutembea juu yake asijue. Habari za wezi wa mifugo zikifika, ng'ombe waliingizwa humo, na kila mtoto alipewa ndama mmoja amshike mdomo kwa mikono miwili asilie. Wezi walipita juu ya paa, wakaenda zao. Mama sasa hukaa mlangoni ameshika khanga iliyokunjwa, mikono miwili, hivyo hivyo. Mke wangu aliwahi kuichukua akidhani inataka kufuliwa, na mama akapiga kelele hadi majirani wakaja.

Mmasai alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hao wezi walikuwa akina nani?"

"Unawajua."

"Mmbulu, sikiliza. Ng'ombe wote Mungu alitupa sisi. Ninyi mlificha mali ya watu chini ya ardhi, halafu mnatuita sisi wezi."

Kicheko chake kilitufikisha njia panda. Hapo nilijua nitasimulia nini kwenye usaili.

Usaili ulifanyika asubuhi, kwenye viti vilivyozunguka mahali pa moto pasipo na moto. Meneja, mama mmoja kutoka Moshi mwenye sauti ya chini, alitaka kuona jinsi kila mtu atakavyowasimulia wageni, kwa hiyo tulikaa sote pamoja na kusikilizana. Tulikuwa vijana watatu, Mmasai na mimi, sote wa darasa moja. Pembeni ya meneja alikaa mzee aliyestaafu katika idara ya wanyamapori, sasa mshauri wa loji. Alikuwa na fimbo kati ya magoti na macho ya mtu aliyezeeka akivizia majangili vichakani.

Kijana wa kwanza alisimama na tai yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi. Mwezi uliwaka. Nilimtazama wa pili na kuona rangi inamtoka. Simba alipokufa na kijiji kilipomaliza kucheza, mzee wa wanyamapori aliinua fimbo kidogo, akauliza kwa Kiswahili.

"Kijana, simba huyo ulimwulia wapi?"

"Huko juu, mzee. Msituni."

"Msitu huu wa hifadhi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa kibali cha nani?"

"Nilikuwa mtoto, mzee."

"Mkuki sasa hivi uko wapi?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa ameliwaza. Watu tuliokulia kwenye ukingo wa hifadhi, ambao hata kuni zake tunaziokota kwa mashaka, tulikuwa tumekaririshwa kukiri kosa la ujangili kwa lugha ya kigeni, na darasa lilikuwa limetuhakikishia kwamba hapo ndipo tutapigiwa makofi. Mwalimu mwenyewe alilipita lile geti la hifadhi maisha yake yote. Sijui alidhani linalinda nini.

Kijana wa pili aligeuza simba kuwa chui. Mengine yote aliyaacha, mwezi, mama, mkuki na ngoma. Mzee akamwambia chui naye ni wa serikali. Wa tatu, aliyekaa kulia kwangu, aliinama akaninong'oneza, "Mzee, usinichome, na mimi ninaye huyo huyo." Kisha alisimama, na kwa uso mkavu kabisa akasimulia jinsi alivyomuua mbwa wa jirani, chini ya mbalamwezi, kwa mkuki wa babu yake, mama yake akilia, na kijiji kikacheza.

"Mbwa alikuwa amechanjwa?" aliuliza mzee.

"Ndiyo maana mama alilia."

Meneja alicheka hadi akafuta macho. Ninasema haya kwa haki: kijana alikuwa mwepesi.

Mmasai alisema walimfukuza simba, na simba alikwenda zake. Alitumia sentensi chache, zote sahihi, akaketi. Mzee wa wanyamapori alimwinamishia kichwa kwa heshima.

Nikasimama mimi. Nilisimulia nyumba ndani ya kilima, harufu ya ng'ombe na moshi, vumbi likidondoka kutoka darini watu walipopita juu, na msichana mdogo mwenye mikono miwili kwenye mdomo wa ndama. Nilisema mama yangu alikuwa huyo msichana. Nilipofika mahali pa wezi, Mmasai alikohoa, akasema kwa Kiingereza chake kwamba hawakuwa wezi, walikuwa wenye mali. Meneja alicheka tena, na nilipomaliza mzee alikuwa ameilaza fimbo yake chini.

"Nzuri sana, mzee wangu," alisema meneja. "Lakini wageni wanapenda mtu aseme mimi. Haiwezekani ukawa wewe uliyeshika ndama?"

Nilimwambia nilipozaliwa nyumba ile ilikuwa shimo lenye magugu.

"Hawatahesabu."

"Hapana, mama. Sikuwa mimi."

Aliuliza kama mama yangu bado yupo. Nilisema yupo. Akauliza, kwa upole wa mtu anayekusaidia, kama wageni wangeweza kutembezwa hadi kwangu wamwone akiwa amekaa na hiyo khanga.

Nilikuwa nimekuja pale kwa ajili ya mama. Kama ningesema ndiyo, kazi ingekuwa yangu asubuhi ile, na jua likizama ningekuwa nyumbani maisha yangu yote yaliyobaki, nikiwa na wageni mlangoni wanaopiga picha mikono yake. Nilisema hapana mara ya pili, nikakaa.

Kazi ilikwenda kwa kijana wa mbwa. Mmasai walimpa ulinzi wa geti, kwa sharti la lubega nyekundu na mkuki ambao hautumiki. Mimi nilikuwa nimeshaanza kushuka njia meneja aliponiita. Alikuwa ameangalia barua yangu upya. Mpishi wao wa mchana alikuwa anahamia Arusha. Je, ningeweza kuandaa chakula cha mchana, kuanzisha supu ya jioni, na kumwachia wa zamu ya usiku? Sikuulizwa kitu kuhusu wakati uliopita. Mwaka mzima wa vitenzi, na nilichohitajiwa kilikuwa kile kile nilichokuwa nacho kabla ya kukiona kile kitabu. Nilikubali papo hapo. Sina kiburi cha kukataa jiko.

Ni mwezi wangu wa pili pale sasa. Kila jioni natoka mlango wa nyuma wakati wanawasha moto, na njia yangu inapita nyuma ya viti. Mwanzoni nilipita haraka. Wiki iliyopita nilisimama kufunga kamba ya kiatu, nikamsikia kijana yule akiwasimulia.

Alikuwa na umri wa miaka kumi. Mwezi uliwaka. Aliishi na bibi yake katika nyumba iliyochimbwa kilimani, na maadui walipita juu ya paa, na vumbi lilidondoka. Alishika mdomo wa ndama kwa mikono yake miwili. Mama yake alilia. Na nje, nyuma ya maadui, alikuwepo simba. Mwanamke mmoja mwenye nywele nyeupe aliweka mkono kifuani na kumwuliza kama aliogopa. Alisema aliogopa sana. Hakukosea kitenzi hata kimoja.

Kijana huyo baba yake ninamfahamu, ana nyumba ya bati upande wa stendi, na ng'ombe hawajawahi kuingia humo ila kama nyama. Nilimaliza kufunga kamba. Niliwaza kwamba mwalimu wetu, akisikia, atatoa fotokopi mpya, na msimu ujao darasa zima litakuwa limeshika mdomo wa ndama wa mama yangu, na muuza misumari atakuwa anawasahihisha ukutani.

Getini, Mmasai alikuwa ameegemea mkuki wake wa maonyesho. Kutoka pale sauti ya moto inasikika vizuri.

"Mmbulu," alisema, "mwambie mtoto yule anirudishie ng'ombe wangu. Sasa amenionyesha walipofichwa."

Nilimwambia amfuate mwenyewe, mkuki anao.

"Huu?" Aliutikisa kidogo, kichwa chake cha bati kikacheza. Tukaagana.

Nyumbani, mke wangu alikuwa anapakua. Mama alikuwa mlangoni, miguu imenyooshwa kwenye mwanga wa mwisho wa jioni, khanga mikononi, na nilipoinama kumsalimia, "Aayo," yaani mama kwa lugha yetu, alinitazama vizuri, kama anayemjua mtu lakini si wa wakati huu. Kisha akaniwekea khanga mikononi mwangu na kuifunga mikono yangu juu yake kwa mikono yake.

"Mshike mdomo," alisema kwa Kiiraqw.

Nilishika. Mke wangu aliita kwamba ugali unapoa. Mama akaweka kidole mdomoni, akasikiliza juu, kuelekea kwenye bati.

"Bado hawajapita," alisema.

Nikamwambia mke wangu, kwa Kiswahili, atungoje kidogo.